Philip wa Makedonia: Mfalme wa dhahabu aliyeacha deni

UKIWAULIZA wafanyabiashara ni kitu gani kinachomfanya mtu awe tajiri, wengi watakujibu kuwa ni kupata chanzo kikubwa cha mapato. Mkulima atasema ni mvua nzuri na bei nzuri katika msimu mmoja. Muuza duka atasema ni kupata zabuni moja kubwa. Wachache watataja kitu kinachofuata baada ya hapo, yaani namna fedha inavyotoka mfukoni ikishaingia.

Yupo mtu mmoja katika historia ambaye maisha yake yanalieleza jambo hili kuliko vitabu vingi vya uchumi. Ni Philip wa Pili, mfalme wa Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki, aliyezaliwa mwaka 382 KK. Wengi wanamfahamu kwa sababu ya mtoto wake, Alexander Mkuu. Wasomaji wa Biblia nao wanalifahamu jina lake bila kujua, kwani mji wa Filipi, ambao Mtume Paulo aliwaandikia watu wake barua, uliitwa hivyo kutokana na mfalme huyu.

Philip alipata machimbo ya dhahabu, akagonga sarafu iliyokubalika katika nchi nyingi kuliko alizotawala, na akafa akiwa anadaiwa. Mambo yote hayo matatu ni ya mtu mmoja, na yana somo kwa kila anayeshika fedha, iwe nyingi au kidogo.

Alirithi nchi iliyofilisika

Makedonia ya utoto wa Philip haikuwa nchi ya kuogopwa. Ilikuwa na misitu ya mbao nzuri, hasa za kujengea meli, na lami ya miti ambayo Waathens waliinunua kwa ajili ya vyombo vyao vya baharini. Ilikuwa pia na tambarare za kulima na malisho mengi. Hata hivyo, ilizungukwa na majirani walioingia na kutoka walivyotaka, wakichukua mifugo na kudai fedha.

Philip akiwa kijana aliwekwa katika mji wa Thebes kama rehani, ili nchi yake isivunje mapatano. Thebes wakati huo ndiyo ilikuwa na jeshi bora Ugiriki. Kijana huyo hakupoteza muda. Aliangalia namna askari walivyopangwa, walivyofunzwa na walivyolipwa.

Mwaka 359 KK alipokabidhiwa madaraka, akiwa na umri wa miaka 23 hivi, hali ilikuwa mbaya sana. Kaka yake, Perdiccas wa Tatu, alikuwa ameuawa vitani na watu wa Illyria pamoja na askari wapatao 4,000. Makabila ya kaskazini yalikuwa yakijiandaa kuvamia. Walikuwapo pia watu wengine waliokitaka kiti cha ufalme, na kila mmoja alikuwa na nchi ya nje iliyomuunga mkono.

Philip hakuwa na uwezo wa kupigana na wote kwa pamoja. Alifanya kile ambacho mfanyabiashara mwenye wadai wengi hukifanya: aliwagawa. Baadhi aliwapa zawadi na fedha ili warudi nyuma, wengine aliwapa ahadi, na hivyo akanunua muda. Muda huo aliutumia kupanga jeshi upya, akiwapa askari wa miguu mikuki mirefu ya mita tano hivi. Mwaka uliofuata, 358 KK, aliwashinda watu wa Illyria.

Aidha, alitumia ndoa kama mikataba. Katika maisha yake alioa wake saba, wengi wao wakitoka katika koo za watawala wa jirani. Mmoja wao alikuwa Olympias, mama yake Alexander.

Machimbo yaliyodharauliwa

Mwaka 357 KK Philip aliuteka mji wa Amphipolis, kwenye mto Strymon. Mji huo ulikuwa mlango wa kuendea milima ya mashariki, hasa Mlima Pangaion, ambao sifa yake ya dhahabu na fedha ilikuwa ya miaka mingi. Athens iliutaka sana mji huo, na ugomvi wa Philip na Athens ulianzia hapo.

Mwaka 356 KK watu wa mji mdogo ulioitwa Crenides, jina lenye maana ya chemchemi, walimwomba awasaidie dhidi ya majirani zao wa Thrace. Philip alikuja, akasaidia, na hakuondoka. Aliweka ngome, akaleta walowezi wengi, na mji ukaanza kuitwa kwa jina lake. Huo ndio mji wa Filipi.

Machimbo ya eneo hilo yalikuwapo kabla yake, lakini yalikuwa yakitoa kidogo, na hayakuhesabiwa kuwa kitu cha maana. Mwanahistoria wa kale Diodorus anaeleza kuwa Philip aliyawekea vifaa na utaratibu mpya, na mapato yakapanda hadi kuzidi talanta 1,000 kwa mwaka.

Talanta ni neno ambalo wengi tunalijua kutokana na mfano wa watumishi watatu katika Injili. Wakati huo ilikuwa kipimo cha uzito wa kilo 26 hivi. Ukisema talanta 1,000, unazungumzia thamani ya tani 26 za fedha tupu kila mwaka.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba Philip hakugundua dhahabu mpya. Alichukua mradi uliokuwa ukizalisha kidogo, akaongeza mtaji, watu na usimamizi. Mchumi yeyote atakuambia kuwa tofauti ya shamba la magunia matano na shamba la magunia 20 mara nyingi haiko kwenye udongo peke yake.

Mwaka huo huo wa 356 KK ulikuwa wa bahati kwake. Inasimuliwa kuwa aliletewa habari tatu kwa wakati mmoja: jemadari wake Parmenion amewashinda watu wa Illyria, farasi wake ameshinda katika michezo ya Olimpiki, na mkewe Olympias amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye Alexander.

Kipande cha gramu nane na nusu

Sarafu ya dhahabu ya Philip iliitwa stateri. Ilikuwa na uzito wa gramu 8.6 hivi, ikiwa ni dhahabu karibu tupu. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Apollo, mungu wa Wagiriki, akiwa amevaa taji la majani. Upande wa pili ulikuwa na gari la kukokotwa na farasi wawili, na chini yake limeandikwa jina la Philip. Gari hilo linahusishwa na ushindi wake katika mashindano ya Olimpiki. Zilikuwapo pia nusu stateri, robo na vipande vidogo zaidi.

Utengenezaji wake ulikuwa wa mikono. Fundi alipima kipande cha dhahabu, akakiweka juu ya fuawe lenye muhuri uliochongwa picha ya kwanza, kisha akakiwekea juu muhuri wa pili na kupiga kwa nyundo. Kila sarafu ilipigwa peke yake. Ndiyo maana ukiziangalia zilizohifadhiwa katika makumbusho utaona picha imeelemea upande mmoja katika hii, na katikati katika ile. Picha ilibadilika kidogo, lakini uzito haukubadilika.

Kabla ya Philip, miji ya Ugiriki ilitumia zaidi sarafu za fedha. Dhahabu iliyozunguka kwa wingi ilikuwa ya mfalme wa Uajemi. Wagiriki walizoea kuona dhahabu hiyo ikija kulipa askari wa kukodiwa na kuwanunua wanasiasa. Philip akawa mtawala wa kwanza wa upande wa Ulaya kumwaga dhahabu yake mwenyewe sokoni kwa kiasi kikubwa namna hiyo.

Uamuzi wake mkubwa ulikuwa kuchagua kipimo. Sarafu zake za fedha alizigonga kwa uzito uliozoeleka huko kwao kaskazini. Lakini dhahabu aliigonga kwa kipimo cha Athens, mji uliokuwa adui yake mkubwa, kwa sababu Athens ndiyo ilikuwa na soko kubwa kuliko yote. Mfanyabiashara wa Athens, Corinth au visiwani hakulazimika kumpenda Philip ili aipokee sarafu yake. Aliiweka kwenye mizani, akaona uzito ule ule anaoufahamu, basi.

Hofu ya sarafu bandia

Ili kuelewa kwa nini uzito huo ulikuwa na maana, inafaa kujua hofu ya muuzaji wa siku zile. Sarafu bandia zilikuwa nyingi. Wajanja walichukua kipande cha shaba au risasi, wakakipaka fedha juu, na kukiingiza sokoni.

Mwaka 375 KK, miaka 16 kabla Philip hajashika madaraka, Athens ilitunga sheria kuhusu jambo hilo. Iliweka mkaguzi ambaye alikuwa mtumwa wa umma. Alikaa sokoni karibu na meza za wabadilishaji fedha. Mwingine aliwekwa katika bandari ya Piraeus kwa ajili ya wafanyabiashara wa meli. Kazi yao ilikuwa kukagua sarafu. Ikiwa ni ya bandia, mkaguzi aliikata pale pale isitumike tena. Ikiwa ni nzuri, muuzaji alilazimika kuipokea, na aliyekataa alinyang'anywa bidhaa zake za siku hiyo. Mkaguzi naye akizembea alichapwa viboko 50.

Sheria hiyo inatuonyesha kwamba fedha haikubaliki kwa sababu ya picha ya mtawala. Inakubaliwa kwa sababu mtu wa mwisho kuipokea ana uhakika kwamba na yeye akienda kununua haitakataliwa. Uhakika huo ukikosekana, hata soko lenye bidhaa nyingi hudorora. Ni sawa na mizani ya mnunuzi wa mazao: wakulima wakishagundua kuwa imechezewa, hata siku atakapoleta iliyo sahihi hawatamwamini tena.

Stateri moja ilinunua nafaka kiasi gani?

Msomaji atauliza, dhahabu hiyo ilikuwa na thamani gani kwa mtu wa kawaida? Tunaweza kukadiria.

Wakati wa Alexander, uwiano uliotumika ulikuwa kipimo kimoja cha dhahabu kwa kumi vya fedha. Kwa hesabu hiyo stateri moja ilikuwa sawa na drakma 20 za fedha. Athens, mwaka wa kawaida, ngano iliuzwa drakma tano hivi kwa kipimo kilichoitwa medimno, ambacho kilikuwa lita 52, yaani kama madebe mawili na nusu. Stateri moja basi ilinunua kiasi cha madebe kumi ya ngano.

Lakini katika miaka ya 320 KK Athens ilipatwa na upungufu mkubwa wa chakula. Bei ilipanda hadi drakma 16 kwa medimno. Stateri ile ile, dhahabu ile ile ya gramu 8.6, sasa ilinunua madebe matatu tu.

Hapa mkulima ashike jambo moja. Dhahabu haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni nafaka. Thamani ya fedha yoyote, hata ya dhahabu tupu, hupimwa mwishowe kwa kile kilichomo ghalani.

Philip mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 340 KK aliziteka meli za nafaka zilizokuwa zikielekea Athens, zikiwa zimekusanyika karibu na mlango wa bahari wa Bosporus. Wanahistoria wa kale wanatofautiana kuhusu idadi. Mmoja anataja meli 180 na mwingine 230. Inaelezwa kuwa mzigo huo ulimpatia talanta 700. Kwa maneno mengine, alipata kwa siku chache karibu robo tatu ya mapato ya machimbo ya mwaka mzima, na aliyapata katika nafaka na bidhaa za watu wengine.

Ardhi na watu

Haitakuwa haki kumweleza Philip kama mtu wa dhahabu na vita pekee. Mwanahistoria Arrian anasimulia kuwa Alexander, miaka mingi baadaye, aliwakumbusha askari wake jinsi baba yake alivyowakuta. Walikuwa watu wa milimani waliovaa ngozi na kuchunga kondoo wachache, wakihangaika kuwalinda dhidi ya majirani. Philip aliwashusha tambarare, akawapa nguo, akawaweka mijini chini ya sheria na utaratibu.

Huko Filipi, mtaalamu wa mimea Theophrastus, aliyeishi karne hiyo hiyo, aliandika kwamba tambarare ile hapo awali ilikuwa na miti na maji yaliyotuama. Baadaye maji yalitolewa, ardhi ikakauka na kulimwa, na hata hali ya hewa ya eneo hilo ikabadilika. Hiyo ni moja ya kumbukumbu za zamani kabisa za mtaalamu kuandika kuwa kilimo kinaweza kubadilisha hali ya hewa ya mahali.

Kwa hiyo sehemu ya utajiri wa Philip iliingia ardhini: miji, ngome, mashamba na watu wa kuyalima. Alimwajiri pia Aristotle, mwanafalsafa mkubwa, amfundishe Alexander kuanzia mwaka 343 KK. Matumizi ya aina hii hayarudi siku ya pili, lakini hubaki hata mwenye nayo anapoondoka.

Upo pia upande wa pili ambao hautakiwi kufichwa. Mwaka 348 KK Philip aliubomoa mji wa Olynthus na kuwauza wakazi wake utumwani. Walikuwa Wagiriki, wakulima na wafanyabiashara, na kosa lao lilikuwa kujiunga na Athens. Familia nyingi zilizokuwa na nyumba, mashinikizo ya mafuta na akiba ya nafaka zilipoteza vyote.

Punda aliyebeba dhahabu

Dhahabu ilimsaidia Philip kushinda bila kupigana. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba aliamini hakuna ngome isiyotekwa, ikiwa tu punda aliyebeba dhahabu anaweza kuipanda njia ya kuifikia. Iwe alitamka hivyo au hakutamka, watu wa wakati wake walimwona hivyo.

Huko Athens, msemaji hodari Demosthenes alitumia miaka mingi kuwaonya wananchi wake kuhusu Philip, na kuwashutumu wanasiasa wenzake kwamba wamekula fedha yake. Mmoja wao, Philocrates, ambaye jina lake lilipewa mkataba wa amani wa mwaka 346 KK, alishtakiwa mwaka 343 KK na kukimbia mji kabla ya hukumu.

Demosthenes huyo huyo aliona udhaifu ambao wengi hawakuuona. Mwaka 349 KK aliwaeleza Waathens kuwa watu wa Thessaly, ambao Philip alikuwa kiongozi wao, walikuwa wamechoka. Walimpa Philip haki ya kukusanya ushuru wa masoko na bandari zao, lakini sasa walitaka fedha hiyo itumike kwa mambo yao wenyewe. Akasema kuwa ushuru huo ukikatwa, Philip atapata taabu kuwalipa askari wa kukodiwa.

Tafakari hilo. Mtu mwenye machimbo ya talanta 1,000 kwa mwaka bado alitegemea ushuru wa muuza samaki bandarini na muuza kitunguu sokoni. Sababu yake ilikuwa matumizi. Jeshi la kudumu hula kila siku, wakati wa vita na wakati wa amani. Farasi, mikuki, mashine za kubomolea kuta, mishahara na zawadi kwa marafiki na wageni vyote vilitoka katika mfuko mmoja. Miji ya Perinthus na Byzantium aliizingira mwaka 340 KK kwa gharama kubwa, na akashindwa kuiteka yote miwili.

Hata hivyo, mwaka 338 KK alizishinda Athens na Thebes katika vita vya Chaeronea, na mwaka uliofuata miji karibu yote ya Ugiriki ilikubali kumfuata katika vita alivyovipanga dhidi ya Uajemi. Kwa macho ya nje, alikuwa kileleni.

Siku ya arusi

Mwaka 336 KK Philip alimwozesha binti yake, Cleopatra, katika mji wa kale wa Aegae. Wageni walialikwa kutoka kila upande wa Ugiriki. Katika maandamano ya kuingia uwanjani zilibebwa sanamu za miungu 12, na ya 13 ilikuwa ya Philip mwenyewe. Alipoingia, akiwa amewaambia walinzi wakae mbali, mmoja wa walinzi hao aitwaye Pausanias alimchoma kisu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 46 hivi.

Alexander, aliyekuwa na miaka 20, alifungua hazina. Arrian anaeleza kuwa alikuta vikombe vichache vya dhahabu na fedha, na fedha taslimu isiyofika talanta 60. Plutarch anataja talanta 70. Deni aliloliacha baba yake lilikuwa talanta 500, na Alexander alilazimika kukopa nyingine 800 ili kuanza safari ya Uajemi.

Tuifanye hesabu kama ya dukani. Machimbo yalikuwa yakiingiza talanta 1,000 kwa mwaka. Kiasi hicho, kwa uwiano wa Alexander, ni sawa na stateri 300,000 za dhahabu kila mwaka. Baada ya miaka ishirini, kilichobaki sandukuni hakikufikia mapato ya mwezi mmoja. Deni lilikuwa mapato ya miezi sita.

Mapato hayakuwa tatizo la Philip. Tatizo lilikuwa kwamba kila mapato yalipoongezeka, matumizi yaliongezeka kwa kasi zaidi, na kila deni jipya lilitegemea ushindi unaokuja. Kwa hali hiyo vita dhidi ya Uajemi havikuwa tamaa ya utukufu peke yake. Vilikuwa pia njia ya kutafuta fedha ya kulipa vita vilivyopita. Alexander alifanikiwa, akazikuta hazina za Uajemi zikiwa na maelfu kwa maelfu ya talanta. Lakini asingefanikiwa, wadai wangekuwa mlangoni.

Picha ilibaki, uzito ukaondoka

Sarafu za Philip ziliendelea kugongwa kwa jina lake hata baada ya kifo chake. Mwaka 194 KK jemadari wa Kirumi, Flamininus, alipopita Roma na mateka aliyoyachukua Ugiriki, miongoni mwa mali iliyoonyeshwa zilikuwamo sarafu za dhahabu 14,514 zilizoitwa za Philip. Alikuwa amekufa miaka zaidi ya 140, lakini jina lake lilikuwa bado jina la dhahabu.

Mbali zaidi, watu wa Gaul, ambayo leo ni Ufaransa, walizipenda sarafu hizo, wakaanza kugonga za kwao kwa kuiga. Desturi hiyo ilivuka bahari hadi Uingereza. Kadiri miaka ilivyopita, mafundi waliiga kutoka kwenye nakala ya nakala. Kichwa cha Apollo kikageuka mistari ya nywele, gari likapotea, farasi akabaki viungo vilivyotawanyika. Pamoja na picha, dhahabu nayo ilipungua: uzito ulishuka, na madini mengine yakachanganywa.

Machimbo nayo yalifika mwisho wake. Mwaka 167 KK, baada ya kuishinda Makedonia, Warumi waliamuru machimbo ya dhahabu na fedha yafungwe, wakaruhusu ya chuma na shaba tu. Walijua kilichompa Philip nguvu. Waliyafungua tena mwaka 158 KK, safari hii yakiwa mikononi mwao.

Mwaka 1977 mtaalamu wa mambo ya kale wa Ugiriki, Manolis Andronikos, alifukua makaburi ya kifalme huko Vergina, ambako ndiko kulikuwa Aegae. Katika mojawapo alikuta sanduku la dhahabu lenye nyota juu yake, ndani likiwa na mifupa iliyochomwa. Yeye aliamini ni ya Philip, ingawa wataalamu wanaendelea kubishana. Hazina iliyokutwa humo kaburini imewashangaza wengi, hasa ukikumbuka sanduku la fedha lililoachwa kwa mrithi.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maisha haya yanatoa mambo matatu ya kuandika kwenye daftari. Kwanza, jina zuri sokoni hujengwa kwa kipimo kisichobadilika. Philip aliaminiwa hata na adui zake kwa sababu ya gramu 8.6. Pili, kinachobaki ni kile kilichowekwa katika ardhi, watu na elimu; tambarare ya Filipi iliendelea kulimwa baada ya mfalme kuzikwa. Tatu, usiyapime maendeleo yako kwa mauzo ya msimu. Yapime kwa kinachobaki baada ya kulipa kila unachodaiwa.

Msimu ukiisha na mazao yakishauzwa, kabla ya kukopa tena kwa matumaini ya msimu ujao, kaa na familia yako, mfungue daftari na mjumlishe upande wa madeni kwanza. Philip alikuwa na machimbo, majemadari na Aristotle nyumbani kwake, lakini kazi hiyo ndogo alimwachia mtoto.